Vichezeo vya mtoto mwenye usonji: vya kununua Mombasa na vya kuacha dukani

Katika vichezeo vyote vinavyouzwa Mombasa, kinachomfundisha zaidi mtoto mwenye usonji ni chupa ya mapovu, ile ndogo ya plastiki ambayo kijiti chake chenye duara kimeshikana na kifuniko. Kinachoburura mkia ni kile ambacho muuzaji hukutolea kwanza ukimwambia unataka kitu cha kumfunza mtoto: simu ya plastiki au meza ndogo ya betri inayowaka taa na kuimba herufi za Kiingereza. Bei haihusiki. Vichezeo vyote tunavipima kwa swali moja: mtoto akiachiwa peke yake, kitaendelea kufanya kazi au kitasimama? Kikisimama, mtoto atamhitaji mtu, na hapo ndipo somo linapoanza.

Usonji (autism) hugusa zaidi namna mtoto anavyowasiliana na kushirikiana na wenzake. Kujishughulisha mwenyewe mara nyingi si tatizo. Gurudumu la gari la plastiki linaweza kumtosha kwa muda mrefu. Kinachokuwa kigumu ni kumgeukia mtu na kumwambia, kwa neno, kwa kidole au kwa jicho, "tena", "nipe", "tazama". Kichezeo kinachofaa ni kile kinacholipa neno "tena" thamani papo hapo.

Tuanze na chupa ya mapovu. Ukiwa dukani, kaza kifuniko kisha jaribu kukifungua kwa vidole viwili. Kikifunguka kwa urahisi, rudisha, kwa sababu mtoto ataifungua mwenyewe, atamwaga sabuni, na hatakuwa na haja nawe. Nyumbani kaa sakafuni mbele ya mtoto, uso wako uwe sawa na wake. Puliza mara mbili au tatu, mwache afurahi, kisha funga kifuniko, ushike chupa karibu na shavu lako, na unyamaze. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, na hata kumi kwa mtoto anayechukua muda. Usimuulize "unataka nini?" wala usimwambie "sema povu". Subiri. Akinyoosha mkono, akikutazama, akitoa sauti yoyote, au akiusukuma mkono wako kwenye chupa, hilo ni ombi. Sema neno moja tu, "puliza", na upulize hapo hapo. Ukichelewa hata kidogo, mtoto haunganishi alichofanya na alichopata.

Watu wengi huharibu hapa kwa wema. Mtu mzima hupuliza mfululizo, nyumba ikajaa mapovu, na mtoto akayakimbiza bila kumkumbuka anayepuliza. Kosa la pili ni kumlazimisha akutazame machoni ndipo umpulizie. Jicho likija lenyewe ni jema, lakini kwa watoto wengi wenye usonji kutazamana kunachosha, na ukilifanya kuwa ushuru wa mchezo, mchezo wenyewe unachukiwa. Kosa la tatu ni la feni. Feni ikizunguka juu, mapovu yote yanakimbilia ukutani. Izime kwa dakika hizo chache, au tokeni uani jioni upepo ukitulia. Kama sakafu ni ya vigae tandika mkeka, maana sabuni kwenye kigae huteleza vibaya.

Sabuni ya kwenye chupa haikawii kuisha. Ya kujazia tengeneza kwa vikombe sita vya maji, kikombe kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kijiko kimoja cha meza cha glisarini kutoka duka la dawa. Koroga taratibu bila kutoa povu, ulaze usiku mmoja. Usitumie maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na mapovu yake hupasuka kabla hayajaacha kijiti. Ya mvua au ya chupa ndiyo yanayofaa. Weka alama kwenye chombo ili mtu asije akadhani ni kinywaji.

Nafasi ya pili tunakipa kitu ambacho duka la vichezeo halikiuzi: leso. Huuzwa mbili kwa pamoja, na ukizunguka Biashara Street, mtaa wa maduka ya nguo, kwa nusu saa, utachoka wewe kabla leso hazijaisha. Mtoto hukaa au hulala katikati, watu wazima wawili wanashika ncha, kila ncha ikiwa imekunjwa na kuzungushwa kiganjani mara mbili. Mnamwinua kiasi cha shubiri moja na nusu juu ya godoro, mnabembeza mara tatu huku mkihesabu "moja, mbili, tatu", kisha mnasimama kabisa. Mnangoja. Raundi ya kumi au ya ishirini mnasema "moja, mbili..." na kuliacha neno la tatu hewani. Kuna watoto wasiotamka chochote siku nzima ambao hulijaza pengo hilo kwa sauti, kwa sababu mwili wao tayari unajua kinachofuata. Akishakaa sawa na mchezo, mwulizeni "polepole au haraka?" ili ajifunze kuchagua.

Kwa kazi hii leso iwe mpya au yenye nguvu. Iliyochakaa kwa kufuliwa inaweza kupasuka bila kutoa ilani. Mtoto akishakuwa mzito kiasi cha mtu mmoja kushindwa kumwinua, acheni kubembeza, hamieni kwenye kumburura sakafuni juu ya leso hiyo hiyo. Kifafa huwapata zaidi watoto wenye usonji kuliko wengine, kwa hiyo mwenye historia ya kifafa aulizwe daktari kabla ya mchezo wowote wa kubembeza au kuzungusha kwa nguvu.

Leso ina faida nyingine inayopitwa bure. Wako watoto wenye usonji wanaopenda herufi mno, wengine husoma maneno kabla ya kuzungumza. Jina la leso, yaani msemo wake, limeandikwa kwa herufi kubwa, wazi, ndani ya kisanduku. Mtoto wa aina hiyo mpe leso asome, ufuate kwa kidole pamoja naye, na ghafla mnatazama kitu kimoja pamoja, jambo ambalo vichezeo vingi vya duka haviwezi.

Vichezeo vya kutia ufunguo, kama chura anayeruka au gari linalokwenda kwa springi, navyo ni vizuri kwa sababu ile ile. Kinakwenda sekunde chache, kinakufa, na vidole vya mtoto mdogo haviwezi kuzungusha ufunguo. Atakuletea. Mkono ukikunyooshea kichezeo, usikipokee harakaharaka ukakizungusha; tulia, sema "zungusha", kisha fanya. Ubovu wake ni uimara. Ufunguo wa plastiki hukatika ukikazwa kupita kiasi, na chumvi ya bahari huila springi, hasa nyumba za karibu na pwani. Chagua chenye ufunguo mnene, uache mzunguko mmoja kabla ya kukaza kabisa, na ukihifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko. Kichezeo cha mbao kiitwacho pia, cha kuzungusha kwa uzi, hufanya kazi hiyo hiyo na hakina springi ya kuoza. Ugumu wake ni kwamba mzazi mwenyewe lazima ajue kuirusha.

Baluni tunaitoa kwenye orodha japo inapendwa. Kuipuliza na kuiachia ikimbie chumbani ni mchezo mzuri wa kuomba "tena", lakini kipande cha baluni iliyopasuka hukwama kooni na kuziba hewa, na mlio wake wa kupasuka unaweza kumfanya mtoto mwenye masikio mepesi akikatae chumba chenyewe kwa wiki kadhaa.

Sasa matofali ya plastiki, ambayo ndiyo huzua maswali mengi kwa wazazi. Matofali ya LEGO DUPLO ni makubwa mara mbili ya LEGO ya kawaida kwa urefu, upana na kimo, kwa hiyo hayamezeki kirahisi na vidole vizito vinayaweza. Ni ghali. Ya kuiga yapo tele, kwenye mifuko ya wavu na ndoo, na kati yake mna mazuri na mabovu. Kama muuzaji anakubali, unganisha matofali mawili kisha uyainue kwa kushika la juu peke yake. La chini likianguka, ni malegevu, na mnara utakaobomoka kila mara utamkasirisha mtoto mpaka auchukie. Ukishindwa kuyatenganisha kwa nguvu kidogo, yamekaza mno, na mtoto atayang'ata kwa meno. Sokoni Kongowea, kwenye mitumba, hupatikana mchanganyiko wa matofali ya asili na ya kuiga kwa bei ya kupatana. Pitisha kidole kwenye kila kingo kutafuta ufa, yaoshe kwa maji na sabuni, uyakaushe kabla ya kuyafungia, maana unyevu wa hapa hufanya mfuko unuke.

Kuna namna maalumu ya kuyafundishia, aliyoieleza Daniel LeGoff wa Marekani katika makala ya mwaka 2004. Watoto watatu wanajenga kitu kimoja na kila mmoja ana kazi yake: mmoja anashika picha ya mfano na kueleza, wa pili anatoa vipande, wa tatu, fundi, anaunganisha. Mwenye picha hagusi matofali, na fundi haioni picha, kwa hiyo bila kusemezana hakuna kinachojengwa. Anza na kitu cha vipande sita vya rangi tofauti, kipige picha ya simu kikiwa kimekamilika na nyingine kwa kila hatua. Watoto wakiwa wawili, mtu mzima awe mtoaji wa vipande. Badilishaneni kazi kila baada ya kitu kimoja kukamilika. Njia hii inamfaa mtoto anayeweza tayari kuunga maneno, na umri wa shule ndio unaokaa vizuri. Mtoto wa miaka mitatu asiyezungumza mpe mapovu. Hushindikana mtu mzima anapong'ang'ania picha kila siku, na vipande vinapokuwa vingi. Kwa kitu cha vipande sita, mezani kuwe na vinane, si sabini.

Ubao wa maumbo, wenye duara, mraba na pembetatu za kuchomeka mahali pake, unauzwa kila mahali, na wengi hununua wenye vipande kumi au zaidi. Ni kosa. Vitatu hadi vitano vinatosha, na viwe na vifundo vya kushikia. Panga vyote wewe, ubakishe kimoja, mtoto akichomeke; kazi imeisha kwa ushindi. Akishazoea, bakisha viwili. Kumpa ubao mtupu na lundo la vipande ni kumwonyesha kushindwa kabla hajaanza. Vipande viweke kwenye mtungi wa plastiki unaoonyesha ndani, mfuniko umekazwa, ili kila kimoja kiombwe. Seremala wa mtaani atakuchongea vizuri zaidi ya vingi vya duka: mbao ya unene wa sentimita 2, kila kipande kisipungue sentimita 5, kingo zipigwe msasa hadi ziwe laini, na kisipakwe rangi wala vanishi usiyojua ina nini kama mtoto hutia vitu mdomoni.

Kuhusu mdomo, usiamini umri ulioandikwa kwenye boksi. Kipimo cha viwanda cha vichezeo vya chini ya miaka mitatu ni silinda yenye upana wa milimita 31.7, kinachoingia humo chote kinahesabiwa kuwa cha kukaba. Mtoto wa miaka saba ambaye bado anatafuna vitu anahitaji kipimo hicho hicho, na kwa tahadhari zaidi tumia kiini cha karatasi ya chooni: kinachopita ndani yake kiweke mbali. Kete za bao za komwe zinapita. Hilo linasikitisha kwa sababu bao ni kifaa kizuri cha kufundisha kungoja zamu. Kwa mtoto asiyetafuna, funika safu tatu kwa kitambaa, tumia mashimo manane tu, na mdondoshe kete moja moja kwa zamu, "yangu", "yako". Sheria za mchezo kamili, za namua na za mtaji, zisubiri.

Betri ndogo bapa za duara ni hatari ya aina yake. Ikimezwa na kukwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, kwa hiyo usingoje dalili, kimbia hospitali. Kichezeo ambacho kifuniko cha betri hakina skrubu usikinunue hata kama ni zawadi. Sumaku ndogo zenye nguvu, zikimezwa mbili, huvutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo na kuutoboa. Na zile shanga za jeli zinazovimba kwenye maji, zinazouzwa kwa rangi za kupendeza na kusifiwa kuwa zinatuliza, huendelea kuvimba hata tumboni. Hazina nafasi katika nyumba yenye mtoto anayetia vitu mdomoni.

Tukirudi kwenye vile vya betri vinavyoimba: si kwamba havipendwi, vinapendwa kupita kiasi. Mtoto anabonyeza, kinaimba, anabonyeza tena, na mtu mzima aliye karibu hana kazi yoyote. Maneno yanayotoka humo ni ya wanyama na herufi, wakati anayoyahitaji mtoto huyu kutoka asubuhi mpaka jioni ni "tena", "basi", "sitaki", "nisaidie". Kama tayari mnacho, swichi iwe upande wako, na ubandike tabaka mbili za selotepu juu ya spika ili sauti ipungue. Hapo kinakuwa kama kichezeo cha ufunguo: kinazimika, na wewe ndiye wa kuombwa.

Vile vya kubonyeza viputo vya mpira na vya kuzungusha kidoleni havifundishi lugha, wala havikutengenezwa kwa hilo. Vinampa mtoto kitu cha kushika anapongojea feri Likoni honi zikipigwa, na kwa kazi hiyo vinastahili bei yake. Usivigeuze somo na usimnyang'anye.

Kinyunya cha kuchezea ni rahisi kukitengeneza: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, vijiko viwili vya mafuta, na maji vuguvugu kidogo kidogo hadi kiache kunata. Kwa joto la Mombasa chumvi hunyonya unyevu na kinyunya hugeuka ute kesho yake. Kifunge kwenye mfuko, ukiweke frijini, na ukikande upya na unga kidogo. Mtoto anayekula kila kitu asipewe, kiasi hicho cha chumvi kinadhuru. Kama anakataa kugusa vitu vinavyonata, mpe kijiko au kikopo cha kukatia, asilazimishwe kutia vidole.

Kwa kichezeo chochote kidogo, nunua viwili vinavyofanana. Mtoto akipanga magari mstari mmoja, silika ya mzazi ni kumwonyesha "gari linakwenda hivi". Badala yake kaa karibu naye upange magari yako mstari kama wake, kimya, kwa dakika tatu. Wengi hugeuka kuangalia ni nani huyu anayeelewa mchezo. Siku nyingine shika wewe magari yote umkabidhi moja moja anapohitaji. Sasa mstari wake una mtu ndani yake. Kuubomoa mstari ili "ajifunze" ni kuharibu mlango pekee aliokufungulia.

Kwa asiyesema, ongeza picha. Piga picha ya chupa ileile ya mapovu mliyo nayo, ichapishe kwenye saiba (duka la kompyuta na uchapishaji) kwa ukubwa wa sentimita 5 kwa 5, na uitie plastiki ya moto, kwani karatasi tupu huota ukungu kwa unyevu. Velkro ya kuibandikia hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Mfumo wa kubadilishana picha ulianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na hatua yake ya kwanza huhitaji watu wazima wawili: mmoja mbele akiwa na mapovu, mwingine nyuma akiuongoza mkono wa mtoto kuokota picha na kuikabidhi. Wa nyuma hasemi neno. Huupunguza msaada kuanzia mwisho, kwanza anaacha kuongoza kukabidhi, kisha kunyoosha, kisha kuokota. Nyumba nyingi hukwama kwa sababu mama yuko peke yake na anajaribu kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Shangazi, bibi au kaka mkubwa anaweza kukaa nyuma. Kazi yenyewe hufunzwa kwa dakika chache.

Mchanga wa ufuoni na beseni la maji ni vya bure na vinafaa kwa kumimina, kujaza na kuomba kikombe. Mtoto mwenye usonji anaweza kuvutwa na maji na kuondoka bila kuita, kwa hiyo pale ufuo wa Pirates mtu mmoja awe na kazi moja tu, kumwangalia mtoto, simu ikiwa mfukoni.

Muda: dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku, hushinda saa nzima ya Jumamosi. Toa vichezeo vitatu au vinne tu, vingine vifiche juu ya kabati, uvibadilishe kila wiki. Na acheni mtoto angali anataka. Sema "basi", mtie mkebe mkononi aweke chupa ndani, mfunge kifuniko pamoja, mkunje mkeka.